Homa ya Mpakato

Kompyuta imepewa majina kadhaa katika Kiswahili, na kila jina lina watetezi wake. Wapo wasemao tarakilishi, wapo wasemao ngamizi, na walio wengi wamebaki na kompyuta, neno lililokuja pamoja na chombo chenyewe. Mabishano hayo sitayaingia leo. Ninalotaka kulizungumzia ni jina la ile kompyuta ndogo tunayoibeba mkobani: mpakato. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani na kumzungushia mkono. Aliyelibuni neno hili alitazama jinsi mtu anavyokaa na chombo hicho, akaona mlezi na mtoto. Na kila aliyewahi kupakata mtoto anajua kwamba mapaja ni kipimajoto cha kwanza. Kabla ya zahanati na kabla ya dawa, mlezi huihisi homa kwa ngozi yake.

Mpakato wangu ulishikwa na homa mwezi Oktoba, msimu wa korosho, wakati jua la Nachingwea halina huruma. Ndani yake nilikuwa nimehifadhi saa nyingi za sauti ya bibi mmoja wa wilaya jirani ya Ruangwa, mtunzi na mwimbaji ambaye hajawahi kuandika ubeti hata mmoja. Tungo zake, za Kiswahili na za Kimwera, zimo kichwani mwake tu. Umri wake umepita miaka 80 na macho yamepungukiwa nuru, hivyo hawezi kusoma ninachokiandika. Njia pekee ya kusahihisha ni kumsomea ubeti baada ya ubeti, naye asikilize, akubali au akatae. Kazi ya namna hiyo mtu haiahirishi hadi mwakani kwa moyo mtulivu.

Kila nilipokaa kunakili, mashine ilianza kuvuma kama pangaboi bovu. Ikapunguza mwendo hata herufi zikawa zinachelewa kutokea, kisha kioo kikawa cheusi. Ushauri niliopewa haukuwa haba. Mmoja alisema chombo kimezeeka, ninunue kingine. Mwingine aliulaumu mfumo endeshi. “Mwalimu,” aliniambia, “hicho cha bure ndicho kinachokuchomea mashine. Weka ule wanaoutumia watu.”

Hicho cha bure ni Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki, na tangu hapo maelfu ya watu wamekiandika na kukirekebisha hadharani. Mimi hutumia Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya kiini hicho na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Jina lake limetoka katika lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Kwa mpenda lugha, jambo hili lina uzito. Msimbo wa programu huria uko wazi, na asiyeridhika na neno lililowekwa humo anaweza kupendekeza jingine. Sikuwa tayari kuuacha mfumo huo kwa tuhuma ambayo hakuna aliyeipima.

Aliyeipima ni kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta pale Ruangwa mjini. Aliniamkia, akaupokea mpakato kwa mikono miwili, na badala ya kuuliza umenunuliwa lini akauliza maswali matatu. “Unachemka ukifanya nini?” “Na ukikaa bure, bado unachemka?” “Feni inatoa upepo, au inavuma tu?” Niliyatafakari maswali hayo baadaye nikaona yamekizunguka chanzo chote cha joto. La kwanza linahusu kazi, la pili linahusu mwili wenyewe, la tatu linahusu pumzi. Mganga anayeijua kazi yake huuliza hivyohivyo kuhusu homa ya mtu.

Kisha akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Linux haifichi joto lake. Kiini huandika vipimo katika mafaili madogo, kwa sehemu za elfu za nyuzi, hivi kwamba ukikuta 61000 maana yake ni nyuzijoto 61 za Selsiasi. Programu iitwayo sensors hukusanya vipimo hivyo na kuvionyesha kwa namna isomekayo. Mpakato wangu ukiwa umekaa bure ulisoma nyuzi 63. Tulipofungua sauti za bibi na kuanza kunakili, ulipanda hadi 97. Fundi akarudi nyuma kusoma kumbukumbu za mfumo, akafika kwenye mstari wa Kiingereza uliosema kwamba joto la hatari limefikiwa na mfumo unafungwa. Akaniangalia, akasema: “Mwalimu, huu haukuzimika. Ulijizima.”

Nimefundisha viambishi kwa miaka mingi, lakini sijawahi kupata mfano bora kuliko huo. Taa huzimika na moto huzimika: jambo limetokea, mtendaji hatajwi, na mara nyingi hakuna la kufanya ila kusikitika. Kujizima ni tendo lenye mtendaji na sababu. Prosesa ikizidiwa na joto kwanza hujipunguzia mwendo ili ipoe, na hiyo ndiyo sababu herufi zangu zilikuwa zikichelewa. Joto likiendelea kupanda hadi mpaka uliowekwa, ambao katika mashine nyingi huwa karibu na nyuzi 100, mfumo hufungwa ili vifaa visiungue. Silabi moja, -ji-, iligeuza chombo kilichodhaniwa kuwa mahututi kikawa chombo kinachojiokoa. Kuanzia hapo hatukutafuta tena nani wa kulaumiwa. Tulitafuta kinachokipa joto.

Kwa kutumia programu ya top, inayoorodhesha kazi zote zinazoendelea na nguvu inayotumiwa na kila moja, fundi alikuta mpekuzi. Ndilo jina alilolipa yeye. Ni programu inayopita katika mafaili na kuyaandikia faharasa ili yapatikane upesi yakitafutwa. Mpekuzi huyo alikuwa amekwama kwenye sauti za bibi, akizisoma na kuzirudia bila kumaliza. Fundi aliingia kwenye mipangilio ya utafutaji, akaliondoa folda la sauti katika orodha ya mahali pa kupekuliwa. Joto la kazi likashuka kutoka 97 hadi 81. Nikafurahi. Yeye hakufurahi. “Kazi tumeipunguza,” alisema, “lakini pumzi bado.”

Akauzima mpakato, akatoa betri, akafungua mgongo. Kati ya feni na vibati vyembamba vinavyopitishia joto nje kulikuwa na utando mzito mithili ya kipande cha blanketi, wenye rangi ya barabara zetu. Aliishika feni kwa kijiti ili isizunguke ovyo, akapiga brashi hadi mwanga ukapenya. Kisha akafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa. Kazi ya pesti hiyo ni kujaza vinafasi visivyoonekana kati ya prosesa na bati la kuipoza, maana hewa iliyonaswa hapo hupitisha joto kwa shida. Akapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Tulipouwasha, ulisoma 46 ukikaa bure na 68 ukifanya kazi.

Vumbi hilo jekundu lina historia yake na mashine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na baadaye hata reli ikang’olewa. Wazee wetu wamesimuliana habari hizo kwa miaka mingi. Fundi wa kibandani, kwa brashi yake na vipimo vyake, alianza pale ambapo wenye fedha nyingi walipaswa kuanza.

Nimejifunza pia kuhusu istilahi. Tunazo kamati za kusanifu maneno na tunazihitaji, lakini neno hukomaa linapotumika kutofautisha jambo moja na jingine mbele ya mtu mwenye shida. Mpekuzi ni neno lililofanya kazi. Pumzi ya mashine ni maneno yaliyofanya kazi. Wenzangu wanaotafsiri programu huria wakae mchana mmoja vibandani, wakiwa na daftari. Mengi wanayoyatafuta yanasemwa huko kila siku.

Kutoka kibandani nilichukua bodaboda hadi kwa bibi, mpakato ukiwa umefungwa ndani ya kanga kuukinga na vumbi. Tulikaa chini ya mkorosho, nikausoma utungo wake mrefu kuanzia mwanzo. Mahali pamoja katika sauti jogoo alikuwa amewika, akafunika neno, nami nilikuwa nimeacha nafasi wazi. Nilipofika hapo nikanyamaza. Bibi hakusita. “Hapo ni fukuto, mjukuu wangu,” alisema. “Joto ni la jua. Fukuto ni la mvua inayokataa kunyesha.” Nikaandika. Katika dunia nzima hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeijaza nafasi ile. Tulisoma hadi magharibi, na mpakato ulikaa mapajani pangu ukiwa na uvuguvugu tu, kama mtoto aliyelala baada ya homa kushuka.

Kijana yule alikataa kuongezewa fedha juu ya bei tuliyopatana. Nimemtungia ubeti, nao ni huu:

Kwanza ziache lawama, chombo kikipata joto,
Kaa kitako kupima, ujue chanzo cha moto,
Kwa neno lenye kusema, kweli hata kwa mtoto,
Jina ndilo la kuanza, tiba huja baadaye.