Chaki na Mzani: Kazi ya Pili ya Walimu wa Butembo na Beni

Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, na katika vijiji vilivyo kati ya milima ya Lubero na mto Semuliki, mwalimu anayeacha kufundisha na kushika kazi nyingine ni nadra kuitwa mstaafu, kwa kuwa neno hilo hudai kwamba kuna mahali anapopokea malipo ya uzeeni. Huitwa mkulima au mnunuzi wa kakao, ingawa waliopita mikononi mwake huendelea kumwita mwalimu hadi kaburini. Kazi hiyo ya pili, ambayo zamani ilifanywa kwa kificho na ambayo leo kila mwalimu kijana huipanga mapema, inafuatiliwa hapa kwa sehemu kubwa kutokana na yale aliyoyaona mwandishi, ambaye alifundisha shule ya msingi kwa miaka 36, tangu 1979 hadi 2015, kabla ya kuwa karani wa chama cha wakulima.

Mwalimu wa kwanza wa eneo hili alitoka misioni. Mapadre wa shirika la Assomption, waliofika upande wa Beni mwaka 1929, walimtwika mtu mmoja kazi nyingi, akawa mwalimu, katekista, yaani mfundishaji wa dini kwa wanaojiandaa kubatizwa, na msomaji wa barua za kijiji kizima. Baiskeli yake na nyumba yake ya mabati vilitosha kuonyesha kwamba kalamu inalisha. Heshima hiyo ilidumu kuliko mshahara ulioizaa. Serikali ilizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, ikayarudishia makanisa uongozi wake kwa mkataba wa Februari 1977 huku yenyewe ikibaki mlipaji, na mwandishi alipoingia darasani miaka 2 baadaye malipo yalikuwa bado yanafika, ila kila mwaka yalipungukiwa chumvi na sabuni.

Miaka hiyohiyo Butembo ilikuwa inakua na kuwa mji wa wafanyabiashara. Maharagwe na mboga za milimani vilipakiwa kwenye malori ya kwenda Kisangani, na baada ya mwaka 1983, serikali ilipowaruhusu wananchi kuchimba na kuuza dhahabu, fedha ziliongezeka mikononi mwa watu ambao baadhi yao hawakumaliza darasa la sita. Mwalimu aliyefanya biashara wakati huo aliifanya kupitia kwa mke wake, ambaye ndiye aliyekaa sokoni huku mume akiandika hesabu usiku, kwa sababu kuonekana na gunia begani kulihesabiwa kuwa kukiri kwamba elimu haikumfaa kitu.

Kilichovunja aibu hiyo ni primu. Neno hilo, lenye asili ya Kifaransa, lilitaja mchango ambao wazazi walianza kuutoa ili kumlipa mwalimu, baada ya migomo ya mwanzo wa miaka ya 1990 kuzifunga shule, na baada ya mfumuko wa bei wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, uliofika maelfu ya asilimia, kuufanya mshahara wa serikali karatasi tupu. Mpango huo uliziokoa shule, na wanaoulaumu wasilisahau hilo. Lakini mzazi asiye na fedha taslimu alileta maharagwe, kahawa kavu au utomvu wa papai, ambao hukingwa kutoka kwenye tunda bichi lililochanjwa, ukakaushwa ili itolewe papaini, kitu kinacholainisha nyama. Na mwalimu, ambaye hakuweza kula utomvu, alilazimika kumtafuta mnunuzi. Mwaka wa pili alizijua bei, mwaka wa tatu alikuwa na mzani wake, na baada ya hapo hata wazazi wasio na deni walimletea mazao, kwa kuwa walimwamini kusoma kilo. Kwa njia hiyo watu wengi waliingia kazi mpya bila kuichagua na bila kuiacha ya zamani. Ubaya wake haufichiki: mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya primu alikuwa mtoto wa mtu yuleyule ambaye mwalimu alisubiri avune. Mwandishi aliwarudisha watoto wa namna hiyo, na hana utetezi.

Ugonjwa wa mnyauko, unaoziba mishipa ya maji ya mbuni hadi mti ukauke ukiwa umesimama, uliiangamiza kahawa ya robusta katika nchi tambarare ya Beni, na nafasi yake ilichukuliwa na kakao, ambayo hupandwa chini ya kivuli cha migomba na huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5. Mbegu zake huchachushwa kwa siku 5 hadi 7 zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba, ndipo huanikwa, na kilo 100 za mbichi hubaki karibu 40 tu zikikauka. Hapo ndipo kanuni ya tatu, yaani hesabu ya kutafuta idadi ya nne kwa kutumia tatu zinazojulikana, ambayo mwandishi aliwafundisha watoto kwa mifano ya matofali na waashi, ilipopata kazi ya kweli, kwani mkulima asiyeijua hudanganywa na mnunuzi anayeijua.

Elimu bure ya shule za msingi za umma, iliyoanza Septemba 2019, iliiondoa primu, na mwalimu kijana ambaye jina lake halimo katika orodha ya malipo ya serikali sasa hupanda kakao mwaka uleule anaoanza kufundisha. Ni busara, lakini ardhi yenyewe haina amani: tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika maeneo ya Mbau, Oicha na Eringeti, mashamba mengi huvunwa na wasioyapanda, na bei ilipovuka dola 10,000 kwa tani katika soko la New York mwaka 2024, wenye miti wengi walikuwa wakimbizi mjini. Shamba la mwandishi, alilolipanda kwa ajili ya uzee, liko upande wa Mbau. Hajalikanyaga tangu 2018, na kakao anayoipima kila wiki ni ya watu wengine.