Bonde Lililochimbwa na Barafu

Ukisafiri kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, utapita mji mdogo wa Naro Moru. Asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, tazama upande wa mashariki. Utauona Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Batian, kina mita 5,199. Karibu na mji unapita mto, nao pia huitwa Naro Moru. Haya, tuufuate mto huo mpaka unakoanzia.

Njia hupita mashambani, kisha msituni, kisha kwenye mianzi. Kwenye mita 3,050 kuna kituo cha hali ya hewa. Juu ya kituo hicho miti huisha, na msafiri huingia katika kinamasi. Miguu huzama matopeni na baridi huuma. Baada ya mwendo wa saa kadhaa, njia huteremka katika bonde kubwa. Hili ni Bonde la Teleki. Teleki alikuwa msafiri kutoka Hungaria, aliyefika katika mlima huu mwaka 1887.

Bonde hili si kama mabonde ya mito tuliyozoea. Mto hukata ardhi kama panga, na bonde lake huwa jembamba chini. Bonde la Teleki ni pana chini, na kuta zake zimesimama pande zote mbili. Limekaa kama hori la kulishia ng'ombe. Je, nani alilichonga hori hili? Ni barafu.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilikuwa na baridi kuliko sasa. Theluji ilianguka juu ya mlima mwaka hadi mwaka bila kuyeyuka yote. Ile ya chini iligandamizwa ikawa barafu ngumu. Barafu ikiwa nene na nzito, haikai mahali pamoja. Huteremka polepole sana, kama uji mzito kwenye sahani iliyoinamishwa. Ilipoteremka iling'oa mawe, na mawe hayo yakakwaruza mwamba kama msasa. Hivyo ndivyo bonde lilivyopanuka.

Barafu ilipoyeyuka, iliacha mizigo yake hapo hapo. Mizigo hiyo ndiyo iliyojaa bondeni leo. Ukiitazama, utaijua mara moja. Mto huchagua mizigo yake kama mama anayepepeta nafaka: mawe huachwa huku, mchanga kule, na tope laini hupelekwa mbali. Barafu haipepeti. Mawe makubwa kama nyumba, changarawe, mchanga na unga wa mwamba vimelala pamoja. Mahali ambapo barafu ilisimama kwa muda mrefu, vitu hivyo vilirundikana vikawa tuta refu.

Matuta kama hayo huweza kuzuia maji, na nyuma yake vikatokea viziwa. Baadhi ya viziwa vilijaa tope vikawa vinamasi. Majani yanayokufa huko hayaozi upesi, kwa sababu ya baridi na maji. Hulundikana, tabaka juu ya tabaka, yakawa udongo mweusi. Wataalamu huchomeka bomba refu katika matope ya namna hiyo na kutoa udongo wa kale. Ndani yake hupata chavua za mimea, na kwa hizo hutambua hali ya hewa ya zamani.

Udongo huo mweusi una kazi kubwa. Hunywa mvua kama sponji, kisha huiachilia kidogo kidogo.

Barafu yenyewe inakwisha. Kati ya mwaka 1934 na 2010, mto wa barafu uitwao Lewis, ulio juu ya bonde hili, ulipungua mno. Katika kila madebe 10 ya barafu, 9 yalikwisha. Watu wengine hudhani kwamba barafu ikiisha, mito nayo itakufa. Sivyo. Maji mengi ya mito hii hutokana na mvua inayonyesha msituni na katika nyika ya juu. Mvua hiyo huhitaji udongo wa kuihifadhi.

Kwa hiyo hatari kubwa ni kuharibu msitu na vinamasi. Mwaka 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima. Mimea ikiungua, ardhi hubaki uchi. Mvua ikija, huteremka kwa kishindo na kuchukua udongo. Kisha wakati wa kiangazi mto hukauka.

Mto Naro Moru humwaga maji yake katika Ewaso Ng'iro, mto unaokwenda mpaka Samburu na Isiolo. Mkulima wa mlimani na mfugaji wa nyikani wote wanakunywa katika hori moja. Barafu ililichonga kwa maelfu ya miaka, na sisi hatuwezi kuirudisha. Lakini kuzuia moto na kuacha miti isimame, hayo tunayaweza.