Jedwali Halipo

Usiku wa tatu nyumbani Kiomboi, kompyuta ilinijibu vilevile: jedwali GUNIA halipo. Chumba cha pili Mama alikuwa akikohoa.

Nilikuwa nimekuja likizo, nimwandikie programu ya Java. Kikundi chao cha akina mama hukusanya alizeti, na yeye ndiye mweka hazina. Nani kaleta magunia mangapi, nani kakopa mbegu, nani bado anadaiwa: yote yako kichwani mwake. Hana daftari. Alipolazwa mwezi wa tano, wenzake walikaa siku kumi bila kugawana fedha.

Kwa majaribio nilitumia H2, hifadhidata inayoweza kukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, bila faili. Nikaiagiza Hibernate iunde majedwali yenyewe kutokana na klasi zangu. Kwenye logi niliiona amri ya CREATE TABLE ikipita bila kosa. Mara tu baada ya hapo, jedwali halipo. Nikabadilisha majina. Nikabadilisha herufi kubwa kuwa ndogo. Nikalaumu hata bando la intaneti.

Saa nane usiku ndipo niliposoma maelezo taratibu: hifadhidata ya namna hii hufutika muunganisho wa mwisho unapofungwa. Programu yangu ilifungua muunganisho, ikaunda majedwali, ikaufunga. Ilipofungua mwingine ikakuta hifadhidata mpya, tupu. Hakuna kilichoharibika. Nilikaa kidogo nikimsikiliza Mama.

Nikaongeza DB_CLOSE_DELAY=-1 kwenye anwani ya hifadhidata. Majaribio yakapita. Lakini mpangilio huo hushikilia data mpaka programu izimwe, si zaidi. Kwa magunia ya watu, nikahamia kwenye faili la diski.

Asubuhi nilimkuta uani akipepeta alizeti. Nikaketi karibu yake na daftari.

"Shikamoo, Mama. Hebu nitajie wote wanaodaiwa mbegu."

"Marahaba. Si una kompyuta?"

"Itasubiri."

Akataja haraka, jina na kilo, jina na kilo, bila kuinua macho kwenye ungo. Kwenye jina la kumi na nne mikono ikasimama.

"Huyu alichukua kilo ngapi, mwanangu?" akaniuliza, kana kwamba nilikuwepo.

Nikaandika jina. Mbele yake nikaacha nafasi.