Picha ya Jikoni kwa Cucu



Kila Juni cucu, nyanya yangu, hunipigia simu na swali ni lile lile: “Umeiona?” Anamaanisha picha ya Consolata, Bikira Maria Mfariji, ambayo nakala yake imening'inia jikoni kwetu Tetu, Nyeri, tangu kabla sijazaliwa. Moshi wa kuni umeila hadi huoni buluu ya vazi la Mama, labda ulowanishe kidole kwa mate uipanguse. Nilijaribu nikiwa darasa la tatu. Kofi nililopata nalikumbuka hadi leo.

Mwaka huu nimeona aibu kumwambia tena kwamba nilikuwa kazini. Nikabadilishana zamu na mwenzangu tunayemhudumia naye mzee mmoja hapa Turin, nikashika njia hadi kanisa la Consolata. Ilikuwa tarehe 20 Juni, saa tatu kasorobo usiku, na jua bado lipo. Huko kwetu wakati huo kuku wamelala zamani. Kwenye ukuta wa kanisa kuna tufe la mzinga lililokwama tangu Wafaransa walipouzingira mji huu mwaka 1706, wala hawajaling'oa. Ng'ambo ya uwanja upo mkahawa uliofunguliwa mwaka 1763, unaouza kahawa iliyochanganywa na chokoleti na krimu. Bei yake niliisoma nikaendelea na safari.

Maandamano ya sikukuu ya Consolata yakaanza. Mishumaa, rozari, vikongwe wameshikwa mikono na wajukuu, Waperu wakiimba kuliko wenyeji. Nikasimama kwa ncha za vidole, simu juu, tayari kumpigia picha cucu. Kumbe kinachobebwa ni sanamu ya fedha! Picha yenyewe haitoki. Inabaki altareni, na watu wanazunguka mitaa bila yake.

Nikarudi kesho yake kuitazama kwa utulivu. Masimulizi ya hapa yanasema kipofu wa Briançon, Ufaransa, aliota picha iliyofukiwa chini ya magofu. Akaja Turin, ikafukuliwa tarehe 20 Juni 1104, naye akapata kuona. Lakini wanaojua michoro wanasema hii iliyoko altareni ni ya karne ya 15, tena imenakiliwa kutoka picha ya kanisa la Santa Maria del Popolo, Roma. Jina hilo la Popolo limeandikwa humo humo kwenye picha. Nilicheka peke yangu, mlinzi akanikazia macho.

Mbele ya nakala hiyo ndipo alipokuwa akisali padre Giuseppe Allamano, aliyelisimamia kanisa hili tangu 1880 hadi alipofariki 1926. Kenya hakuikanyaga hata siku moja. Alituma wamisionari wake: mapadre wawili na mabruda wawili, waliofika Tuthu kwa chifu Karuri wa Gakure mwishoni mwa Juni 1902. Kutoka Tuthu hadi Mathari, na hadi kanisa kuu la Nyeri, jina la Consolata likaenea, mpaka sasa ukiita “Consolata!” sokoni Karatina wanageuka akina mama kadhaa. Oktoba 2024 Papa Francis alimtangaza Allamano kuwa mtakatifu. Cucu hakushangaa. Alihudhuria Nyeri mwaka 2015 Sista Irene Stefani, aliyeitwa Nyaatha, mmoja wa masista wa Allamano, alipotangazwa mwenye heri, na kwake yeye mwalimu hawezi kushindwa na mwanafunzi.

Jioni nikampigia. “Cucu, nimeiona. Lakini hata hii ya huku ni nakala.”

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Nao wameiweka jikoni?”

Nikamwambia hapana, iko kanisani, imezungukwa na dhahabu na marumaru. Akasema basi ndiyo maana haina moshi.

Binamu zangu, nasikia mnachanga fedha kumjengea cucu jiko la gesi lenye vigae. Jengeni, nami nitatuma sehemu yangu mwisho wa mwezi. Ila picha ile irudisheni ukutani kama ilivyo, na asitokee mtu wa kuiosha.