MAWE YA MPANDA YANAOSHWA VIPI?

Je, umewahi kufika Mpanda? Ukitoka Tabora kwa reli unapita Urambo, kisha unafika Kaliua. Hapo reli inagawanyika. Moja inakwenda Kigoma. Nyingine inageuka kusini. Inapita katika misitu ya miombo, nchi ya asali na tumbaku, kwa kilomita 210 hivi. Mwisho wake ni Mpanda.

Reli hii haikujengwa kwa ajili ya abiria kama mimi na wewe. Ilijengwa kwa ajili ya mawe. Wakati wa ukoloni yaligunduliwa madini ya risasi mahali panapoitwa Mukwamba, karibu na Mpanda. Kampuni ya Uruwira ikachimba. Ndani ya mawe hayo mlikuwa pia na fedha, shaba na dhahabu. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Reli ikabaki, na mji ukabaki. Tangu mwaka 2012 Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Zamani ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa.

Mawe nayo yamebaki. Wachimbaji wadogo wanachimba dhahabu katika vilima vya sehemu hizo. Sisi tulikwenda kumtembelea shemeji yangu, ambaye anafanya kazi kwenye shimo lenye leseni. Watoto wetu watatu walipoona kifusi walisahau hata chakula. Kila mmoja alitaka jiwe lake. Wenye shimo wakacheka, wakasema, "Chukueni hayo, kwetu ni takataka." Tulirudi nyumbani kwa shemeji na nusu ndoo ya mawe yenye matope mekundu.

Hapo ndipo tulipofanya makosa. Ninakueleza ili wewe usiyafanye.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Kulikuwa na jiwe moja la kijani kizuri sana, kijani cha jani la mgomba. Kijani hicho ni shaba iliyokaa na maji na hewa chini ya ardhi kwa muda mrefu. Nilitaka ling'ae zaidi. Nikalitia katika maji ya limau, kama tunavyosafisha sufuria. Likaanza kutoa mapovu madogo madogo. Nilifurahi, nikidhani uchafu unatoka. Kumbe ni jiwe lenyewe lilikuwa linaliwa. Asubuhi kijani kilikuwa kimefifia, kama kitambaa kilichokaa juani. Binti yangu, mwenye jiwe, hakusema neno. Alinitazama tu.

Kwa hiyo jiwe la kijani au la buluu lioshe kwa maji matupu. Usitie limau wala siki.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilikuwa la sisi sote. Watoto walichukua beseni la kuoshea vyombo, wakakaa mlangoni, wakaanza kusugua. Mtoto wetu mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa akichezea maji yale na kulamba vidole. Ndipo akapita mzee mmoja jirani. Alisimama, akainua jiwe moja la kijivu, akalipima mkononi.

"Mwanangu," aliniambia, "unaona uzito huu? Hii ni risasi. Marehemu baba alifanya kazi Mukwamba. Nguo zake za kazini hazikuingia ndani. Mtoe huyo mtoto hapo."

Nilimwambia, "Shikamoo mzee," nikiwa nimechelewa kusalimu, kisha nikambeba mtoto nikamnawisha kwa sabuni.

Jiwe la risasi si vigumu kulitambua. Lina rangi ya kijivu, nalo linang'aa kama bati jipya. Likivunjika, vipande vyake vina pembe za mraba kama dadu. Tena ni zito mno. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji, maji yake yana kilo 20. Kama ungeijaza jiwe hilo tupu, lingekuwa na kilo 150. Pia ni laini, kwa hiyo ukilisugua kwa nguvu unatoa unga. Unga huo ndio sumu. Hauna harufu, na kuuchemsha hakuondoi sumu yake. Ukiingia tumboni mwa mtoto unadhuru damu na ubongo, na mama mjamzito unamdhuru pamoja na mtoto aliye tumboni.

Usidhani ni maneno ya kutishana. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, wanavijiji walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu nyumbani kwao. Mawe yale yalikuwa na risasi ndani yake. Vumbi likaenea uani, mahali watoto wanapocheza. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Wazazi wao walikuwa wanatafuta riziki tu, kama shemeji yangu.

Basi, siku ya pili tulianza upya. Tulitafuta beseni kuukuu, tukaliwekea alama ili lisirudi jikoni kamwe. Tulikwenda mbali na kisima na mbali na bustani ya mchicha. Mdogo alibaki na bibi yake. Mawe ya kijivu tuliyatenga, nikayaosha mimi mwenyewe kwa maji kidogo, bila kusugua. Yale mengine tuliyaloweka mpaka udongo ukalainika. Uvumilivu ndio kazi yenyewe. Udongo mwekundu ukiloweka usiku kucha unatoka kwa mswaki mkuukuu. Ukiutoa kwa kisu au kwa brashi ya waya unakwaruza jiwe. Maji machafu tuliyamwaga katika shimo na kulifukia. Hatukupuliza vumbi, wala hatukufagia pakavu. Mwisho tulinawa kwa sabuni na kubadili nguo.

Kijana wangu alipata jiwe jeupe lenye vipande vya njano vinavyometa. Alipiga kelele, "Dhahabu!" Tulikisugua kipande kimoja kwenye kitako cha kikombe cha kauri, pale pasipo na rangi. Kikaacha mstari mweusi. Dhahabu huacha mstari wa njano. Alinuna mpaka jioni.

Kama yake ingekuwa dhahabu, nisingeruhusiwa kuitia mfukoni na kuondoka. Kuchimba bila leseni ni kosa, na dhahabu huuzwa kwenye soko la madini. Hata kwa mawe yale ya kifusi nilipita kwanza ofisi ya madini Mpanda kuuliza kabla ya kusafiri nayo. Wala usiokote jiwe ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Na mashimo yaliyoachwa usiyasogelee, kwa maana kingo zake hubomoka.

Kila jiwe tulilifunga katika gazeti kuukuu pamoja na karatasi yenye jina la mahali lilipotoka. Binti yangu ndiye aliyeandika. Mawe ya risasi tuliyarudisha kifusini. Lile la kijani lililofifia hakukubali tuliache. Liko shuleni kwao sasa, juu ya kabati la mwalimu, na karatasi yake inasema: "Shaba. Mpanda. Baba aliliharibu kwa limau."