Upepo Ulikuwa Unatoka Wapi

Oktoba ikifika huku Wyoming, pikapu zilizojaa mahema na bunduki hupanda milimani, zote kwa njia ile ile. Wanatafuta dume la mule deer, kulungu aliyepewa jina hilo kwa sababu ya masikio yake, makubwa kama ya nyumbu wa kubeba mizigo. Pembe zake huanguka kila mwaka kukiwa na baridi, kisha humea upya. Dume mwenye pembe za kutundikwa ukutani huwa na miaka mitano, sita au zaidi, na hajafika huko kwa ujinga. Anajua magari yanakoelekea.

Mimi huendesha lori kwenye barabara ya I-80, na ukikaa juu kwenye kebini unaona vitu. Kusini-magharibi mwa jimbo ni nyika tupu, vichaka vya kijivu visivyofika kiunoni. Watu hupita hapo mbio bila kugeuza shingo. Manze, ni Kibwezi tu ile, toa mibuyu. Na sehemu kubwa ni ardhi ya umma: ukiwa na kibali cha kuwinda, unaingia kwa miguu.

Mzee mmoja wa yadi yetu alikuwa na kibali, na milima ilikuwa imemchosha. Nikamwambia twende korongo fulani nililokuwa nikilipita kila wiki. Alicheka, lakini akaja. Tuliketi na darubini tangu alfajiri. Saa tano hivi kivuli kikasogea, na dume akainuka kukifuata, akalala tena. Pembe zilipita masikio pande zote mbili.

"Nani alikufundisha?" akaninong'oneza.

Sasa hapo ningeanzia wapi? Babu yangu aliwinda kwa upinde kando ya Tsavo. Mwanzoni mwa miaka ya 70 alifungwa kwa ujangili, wakati ambapo wageni wenye leseni walipiga nyati na kupigwa picha nao. Marufuku ya 1977 ilipokuja kuwazuia wote, yeye alikuwa ashatoka jela. Nyumbani neno nyara nimelisikia kortini na kwenye taarifa ya habari. Huku ni kitu cha kuonyesha wageni sebuleni. Theodore Roosevelt, mwanzilishi wa Boone and Crockett, klabu maarufu kwa kupima pembe kama hizi, alikuja kuwinda Kenya mwaka 1909. Yeye hakuitwa jangili.

Nikamjibu mzee, "Babu." Basi.

Alipiga risasi moja. Tulibeba nyama migongoni hadi giza likaingia, na paja moja likawa langu.

Nilituma picha kwa WhatsApp ya binamu yangu, naye akanirudishia sauti ya babu. Habari ya pembe hakuigusa. Aliuliza upepo ulikuwa unatoka wapi, na kama majirani wamepata nyama.