Usenge: Mvua, Dagaa na Mikono ya Kujengea

Usenge ni mji mdogo wa ufuoni mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Yimbo, upande wa Bondo, ambao leo umo katika Kaunti ya Siaya. Mtu atokaye Kisumu hufuata njia ya Busia mpaka Kisian. Hapo huiacha, akashika njia ya kushoto ipitayo Ndori na Bondo. Kupita Bondo hewa huanza kubadilika, na kilima cha Got Ramogi hujitokeza chenye msitu wake. Wazee wa Kijaluo husema kwamba hapo ndipo Ramogi, babu yao, alipofanya makao alipofika nchi hii, kabla watoto wake hawajatawanyika. Kisha njia hufika ziwani. Mitumbwi imepangwa ufuoni, dagaa, waitwao omena kwa lugha ya wenyeji, wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, na abiria wa kisiwa cha Mageta wanangoja chombo.

Mgeni mwenye macho ya kutazama ataona jambo jingine. Kila upande pana chungu za matofali, mchanga na kokoto, na nyumba zilizofika usawa wa madirisha zikaachwa zimesimama hivyo. Atadhani kwamba wenyewe wameishiwa na fedha. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mafundi wa Usenge watamwambia kwamba nyumba nyingine zimesimama wakati fedha ingaliko, kwa sababu mikono iliondoka, au jua liliondoka, au vyote viwili kwa juma moja.

Katika nchi za Ulaya msimamizi wa ujenzi huogopa miezi ya baridi. Mwezi wa Desemba mchana wa London haufiki saa nane, na maji yaliyomo katika zege yaweza kuganda kuwa barafu kabla saruji haijashika. Kwa hiyo kazi ya majira hayo hupangwa mapema, na hesabu ya watu hupunguzwa. Usenge iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mchana wake ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na hapana barafu. Hata hivyo ina majira yake ya kuogopwa. Mvua kubwa, iitwayo chwiri, hunyesha toka Machi mpaka Mei. Mvua ndogo, opon, huja kati ya Oktoba na Desemba. Kati yake ndipo penye kiangazi, oro.

Mvua yenyewe ina saa zake. Mchana jua hupasha nchi kavu joto kupita ziwa, upepo huvuma toka majini, na mawingu hujikusanya juu ya nchi hata radi ikapiga alasiri. Usiku mambo hugeuka, tufani zikawa juu ya maji. Basi fundi ajuaye kazi humwaga zege asubuhi na mapema, akaifunika kabla ya saa nane, na alasiri huwapa watu kazi iliyo chini ya paa, kama kukunja vyuma au kupasua mbao. Matofali mabichi yasiyofunikwa hurudi kuwa udongo kwa mvua ya saa moja, na mfuko wa saruji uliolazwa sakafuni bila mbao chini yake huwa jiwe. Kiangazi nacho kina taabu yake. Jua la Januari hukausha zege upesi mno, ikapasuka. Hapana budi kuinywesha maji muda wa siku saba, na maji hayo mtu au punda ndiye ayabebaye toka ziwani. Msimamizi aliyehesabu wajenzi, akasahau kuhesabu wachota maji, hajapanga kazi.

Jambo la kwanza liondoalo mikono ni jembe. Mwezi wa Machi kila mtu hutaka kupanda mahindi, mtama na maharagwe yake. Kwa desturi ya Kijaluo hapandi mtu atakavyo. Mwenye boma na mke wake wa kwanza ndio wanaotoa mbegu kwanza, kisha wake wengine, kisha wana kwa kufuata ukubwa. Kwa hiyo vibarua kumi hawaombi ruhusa siku moja. Mmoja husema, “Fundi, kesho mama anatoa mbegu,” na baada ya siku tatu ndugu yake mdogo husema vivyo hivyo. Mnyapara mgeni hukasirika, akadhani wanamchezea. Yule aliyekaa Yimbo huuliza tangu mwanzo ni nani mkubwa na ni nani mdogo katika kila boma, akawagawanya katika makundi ili wasitoke wote wa kundi moja. Kadhalika ajua kwamba Jumamosi nyingi ni za mazishi, na kibarua asiyekwenda kumzika jirani yake atakuwa na neno la kujibu nyumbani.

Jambo la pili ni ziwa, na hapa ndipo Usenge inapotofautiana na miji ya bara. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi zimo pia za betri na za nguvu za jua. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake huzishinda taa na dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Siku hizo vijana hupatikana ufuoni, nao hukubali kazi ya kuchimba msingi au kubeba mawe. Mwezi ukiisha, wameisha nao. Msimamizi wa Usenge asiyejua tarehe ya mwezi mpevu ni kama karani asiyejua tarehe ya mshahara.

Tena Kenya imeweka miezi minne ya kuwapumzisha dagaa wazaane, toka 1 Aprili hadi 31 Julai. Katika miezi hiyo nyavu za dagaa hukaa nchi kavu, na mamia ya watu waliozoea kupata riziki usiku hutafuta kazi ya mchana. Mtu angedhani kwamba hiyo ni neema kwa wajenzi. Tazama basi: Aprili na Mei ndiyo miezi ya chwiri! Watu wamejaa mlangoni, nalo shimo la msingi limejaa maji. Kiangazi kikija, na dagaa wakafunguliwa, mikono yenye nguvu hurudi majini, kwa kuwa usiku mmoja mwema wa uvuvi waweza kushinda ujira wa juma zima wa kubeba zege.

Fedha nazo zina kalenda yao. Mwaka wa hesabu wa serikali ya Kenya huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Fedha za kujengea darasa au zahanati zikikawia, hufika mwishoni mwa mwaka huo, na kila ofisi hutaka zitumike kabla hazijafungiwa. Mkandarasi huitwa Aprili, mvua ikiwa juu yake. Likizo za shule hazimsaidii: ya Aprili ni ya matope, na ya mwisho wa mwaka huangukia mvua ndogo. Ya Agosti ndiyo iliyo njema kuliko zote, lakini wavuvi wamekwisha kurudi ziwani tangu siku ya kwanza ya mwezi huo.

Lakini yuko afanyaye kazi yake ikaenda. Januari na Februari huchimba msingi na kupandisha kuta, akiwalipa vizuri kidogo wale asiotaka kuwapoteza. Huhakikisha kwamba paa limefunikwa kabla ya katikati ya Machi. Aprili na Mei huajiri watu wachache, kwa kazi za ndani tu: lipu, sakafu, milango. Wale wavuvi waliokosa kazi Aprili huwaandika majina, akawaambia waje Juni. Juni na Julai mvua zimepungua na nyavu bado zimelala. Basi huo ndio wakati wa kufyatua matofali na kuyachoma, na kukusanya mchanga na mawe ya jengo lifuatalo. Agosti ikifika, vifaa vyote vipo mahali pake, na mafundi wachache wenye mwiko waweza kuendelea bila kundi kubwa la wabebaji.

Wazee hawakuwa wageni wa mpango wa namna hii. Zamani mtu aliyetaka kuhama boma la baba yake aanzishe lake aliondoka asubuhi pamoja na mwanawe wa kwanza na mke wake, wakiwa na jogoo, shoka na moto, na nyumba ya kwanza ilipasa kusimama na kulalwa siku hiyo hiyo. Nyumba ya siku moja haijengwi kwa siku moja. Nguzo zilikatwa miezi kabla, nyasi zilivunwa zilipokomaa, kamba zilisokotwa, chakula na pombe vilitayarishwa, na ndugu na majirani waliitwa kwa ile kazi ya ushirika iitwayo saga. Wanaume walisimamisha nguzo na kuezeka; wanawake walileta maji na kukandika udongo. Hata leo wako warudio toka Nairobi au Mombasa wakati wa Krismasi, wakasimamisha nyumba ya mabati kwa siku moja kwa desturi hiyo. Wale walioagiza mbao na mabati Novemba hulala ndani. Wale wategemeao duka la Bondo asubuhi ile ile huona jua likitua juu ya nguzo tupu, na mafundi wa Desemba si watu wa bei nafuu.

Palikuwa pia na njia nyingine ya kupata mikono. Katika enzi ya ukoloni machifu walikuwa na amri ya kuwatoa watu kwa kazi za barabara, na Archdeacon W. E. Owen, mmishonari wa C.M.S. katika Nyanza, alipinga kwa maandishi jinsi wanawake na watoto walivyotumikishwa humo. Katika miaka ya 1950 kisiwa cha Mageta, kinachoonekana toka Usenge, kilikuwa na kambi ya mahabusi wa Mau Mau. Mnyapara mwenye askari nyuma yake hahitaji kujua mwezi mpevu ni lini, wala mama ya nani anatoa mbegu.

Leo sheria ni nyingine. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua ni mtu alipwaye kila mwisho wa siku, na aliyefanya kazi mfululizo muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa na mkataba, pamoja na haki zake. Makarani watunzao daftari la kazi yafaa walijue jambo hilo kabla ya kuandika jina la mtu siku ya thelathini na moja kana kwamba amefika jana.

Jambo moja zaidi hutangulia hesabu ya watu, nalo ni mahali pa kuchimba msingi. Kati ya Oktoba 1961 na Mei 1964 ziwa lilipanda kiasi cha mita 2.5. Watu walisahau, wakajenga karibu na maji. Mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kupita kidogo mita 13.41 za mwaka 1964, na fuo nyingi za upande wa Kenya zilifunikwa, pamoja na mabanda na maghala yake. Kwa hiyo fundi mzee wa Usenge, akiitwa kupima kiwanja kilicho chini karibu na mitumbwi, humuuliza mwenye kiwanja kwanza maji yalifika wapi mwaka ule. Akionyeshwa alama ukutani mwa jirani, hupanda juu kupita alama hiyo, ndipo apigapo kigingi cha kwanza.